Usikubali Muuzaji Akubadilishie Fedha

Barua za mwezi huu nimezitandaza mezani kama karata, na karibu zote zinalia kilio kimoja: nimenunua kitu nje kwa kadi, nimekatwa zaidi ya nilichotegemea. Kwa wanaoingia safu hii kwa mara ya kwanza, mimi nilikaa miaka kumi na minne kwenye dawati la malalamiko ya kadi katika benki moja hapa Dar es Salaam. Siku hizi nadarizi mashuka na kofia nyumbani Magomeni, na nyuzi zangu nyingine naagiza nje. Haya makato nimeyaona nikiwa upande wa ndani wa dirisha, na sasa nayaona nikiwa kwenye foleni.

*Shikamoo mama. Mimi ni mpiga picha za harusi. Nilinunua lenzi iliyotumika kwenye duka la mtandaoni la Uingereza, bei paundi 120. Wakati wa kulipa nikaambiwa nichague: paundi 120 au shilingi 421,500. Nikachagua shilingi ili nijue kabisa naumia kiasi gani. Meseji ya benki ikaja 421,500, nikaridhika. Siku ya tatu ikaja nyingine: nimekatwa 8,430. Nikapiga simu benki, wanasema ni "makato ya muamala wa nje". Muamala wa nje gani, na mimi nimelipa kwa shilingi? Benki imeniibia, au? – Mpiga picha, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Hujaibiwa, ila umepigwa, na aliyekupiga zaidi si huyo unayemlalamikia.

Chukua kalamu. Gawa 421,500 kwa 120. Unapata 3,512 na senti hamsini. Hiyo ndiyo bei uliyouziwa paundi moja. Kwa kuwa uliniandikia tarehe, niliingia kwenye kikokotoo kilichoko kwenye tovuti ya Visa (sisemi kile cha pensheni, hicho tuwaachie wastaafu na uchungu wao) nikaweka tarehe hiyo. Paundi moja ilikuwa 3,290. Kwa hiyo kila paundi umeinunua kwa shilingi 222 na nusu zaidi, na paundi zote 120 zimekutoa shilingi 26,700 ambazo hazikuandikwa popote kuwa ni ada. Rudi kwenye ukurasa ule wa malipo, usishangae ukikuta pameandikwa kwamba hakuna makato ya ziada. Hawajasema uongo. Makato yamekaa ndani ya bei ya fedha, kama maji ndani ya maziwa ya asubuhi: huyaoni mpaka uchemshe.

Zimeenda wapi? Kampuni inayompokelea muuzaji malipo ndiyo iliyokubadilishia fedha, kwa bei iliyojipangia yenyewe, na mara nyingi muuzaji naye hupewa fungu lake. Watu wa kadi huu mchezo wanauita DCC. Si haramu. Kanuni za Visa na za Mastercard zinauruhusu, mradi mwenye kadi aonyeshwe kiwango na apewe hiari ya kukataa. Wewe hiari ulipewa, ukajichagulia mwenyewe.

Sasa zile 8,430. Hizo kweli ni za benki yako, asilimia 2 ya 421,500. Benki haiangalii umelipa kwa fedha ya wapi, inaangalia duka liko wapi. Duka liko Uingereza, basi muamala ni wa nje, hata kama ungelipa kwa shilingi, kwa dola au kwa karafuu. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea: wanadhani wakichagua shilingi wamekwepa makato ya nje. Hawajakwepa kitu. Wameyaacha palepale, wakaongeza na ya muuzaji juu yake.

Tufanye hesabu ya njia uliyoiacha. Paundi 120 kwa 3,290 ni 394,800. Juu yake weka asilimia 2 ile ile ya muamala wa nje, na tuseme benki yako inachukua nyingine 1 kwa kukubadilishia fedha. Jumla 406,644. Wewe umelipa 429,930. Tofauti ni 23,286, ambayo kwa kijana wa Tabata ni nauli ya daladala kwenda mjini na kurudi kwa zaidi ya wiki mbili.

Usijione mjinga. Mimi, niliyekuwa nikiwaeleza wateja habari hii kutwa nzima, nilinaswa nayo mwaka wangu wa kwanza wa kustaafu. Nilikuwa naagiza fremu za cherehani ya kudarizi kutoka Ujerumani. Usiku, umeme umekatika, nalipia kwa simu yenye chaji asilimia tisa. Ukurasa ukafunguka na kakibendera ka Tanzania, kiasi kwa shilingi, na kitufe kikubwa cha kijani. Ile bei ya euro ilikuwa chini yake, kwa maandishi ya kijivu, madogo kama chawa. Nikabonyeza kijani. Asubuhi nilipopiga hesabu nilicheka peke yangu, maana kama angekuja mteja na kisa kile dawatini ningemwonea huruma ya kinafiki.

Kwa hiyo ukiona kibendera, simama. Tafuta fedha ya muuzaji, ndiyo uichague. Kwenye PayPal hiari hiyo imefichwa zaidi: wao hupenda kukubadilishia wenyewe, na sehemu ya kubadilisha imekaa karibu na pale panapoonyesha kadi yako na kiwango. Bonyeza hapo, uchague utozwe kwa fedha iliyo kwenye ankara ya muuzaji. Na usichanganye na tovuti zinazoonyesha bei kwa shilingi kwa ajili ya kukusaidia tu, halafu zinatoza kwa dola. Hizo hazina ubaya. Cha kuangalia ni ukurasa wa mwisho kabisa, pale panapotajwa kiasi kitakachotozwa kwenye kadi.

Jambo moja la mwisho, maana najua utaniandikia tena. Ukichagua paundi, meseji ya kwanza ya benki huenda ikawa na kiasi kimoja, na taarifa ya akaunti baada ya siku mbili tatu ikawa na kingine. Siku ya kwanza fedha huzuiwa tu, kwa kukadiria. Muuzaji akishadai fedha yake rasmi ndipo hesabu ya kweli inapopigwa. Tofauti ikiwa ya shilingi elfu moja mbili, iache ipite. Ikiwa kubwa kuliko hapo, nenda benki na hiyo meseji, usiifute.

*Assalaam alaykum bibi. Mie niko Maskat, wazee wangu wa Unguja. Nimemnunulia mwanangu vitabu vya skuli kwenye duka la Marekani, dola 64. Duka likaniuliza nilipe dola au rial 26.300. Shemegi yangu akanambia lipa rial, kwani rial yetu haipandi haishuki, hapana hasara. Kweli hayo? – Mama Skuli, Maskat*

Waalaykum salaam, bibie. Shemegi yako nusu kapata, nusu kakosa, na ile nusu aliyokosa ndiyo yenye fedha.

Kweli rial ya Omani imefungwa kwa dola: rial moja ni dola 2.6008, na imekuwa hivyo tangu 1986. Lakini hilo ndilo lingekufumbua macho, kwa sababu nyinyi mna kitu ambacho sisi huku hatuna: mnajua bei halisi bila kufungua tovuti yoyote. Dola moja ni baisa 384 na nusu (baisa elfu moja ndiyo rial moja). Leo, kesho na mtondo. Kwa hiyo dola 64 ni rial 24.608. Duka limekuomba 26.300. Hiyo ni karibu asilimia 7 juu, kwa kazi ya kubadilisha fedha ambayo haibadiliki!

Kufungwa kwa rial kunamzuia mtu asikuambie kwamba dola imepanda. Hakumzuii kukuuzia dola hiyo ghali. Ni kama mkate wenye bei iliyopangwa na serikali: bei unaijua, lakini muuza duka akikuongezea ya mfuko, ya chenji na ya salamu, utakuwa umelipa mkate na nusu.

Ungelipa kwa dola, na benki yako ya hapo Maskat ikachukua, tuseme, asilimia 2 na nusu, ungetokwa na rial 25.223. Umezidisha rial moja na baisa 77. Si nyingi, lakini wewe mwenyewe umeniandikia kwamba unaagiza kila muhula.

Ukinunua Dubai mchezo ni huo huo, na hesabu ni nyepesi zaidi, kwani dirham nayo imefungwa, 3.6725 kwa dola. Rial moja inakuwa dirham 9.55. Ibandike kwenye mlango wa friji. Duka la Dubai likikupa rial yako kwa dirham 8.9, mwambie shemegi akalipe yeye.

*Habari za kazi. Mwaka 2024, mwezi wa tisa, niliagiza viatu vya kupandia mlima kwa ajili ya kazi yangu ya uongozaji watalii. Dola 140. Vilikuja saizi siyo, nikavirudisha. Duka likachelewa weee, mpaka Desemba ndiyo likarudisha dola 140 kamili, nina ushahidi. Lakini kwenye akaunti yangu ya shilingi kiasi kilichorudi kilikuwa pungufu kwa zaidi ya elfu thelathini. Mpaka leo roho haijatulia. – Gaidi wa mlima, Moshi*

Kaka, wewe ulikumbana na kipindi kibaya kuliko vyote. Mwezi wa tisa ule dola ilikuwa inauzwa zaidi ya shilingi 2,700. Kufikia mwisho wa Desemba shilingi ilikuwa imepata nguvu, dola iko chini ya 2,500. Wote tulishangilia, wewe peke yako ulikuwa na dola zako zimekwama dukani kwa mtu.

Dola 140 kwa 2,700 ni 378,000. Dola 140 kwa 2,450 ni 343,000. Elfu thelathini na tano hizo zimeyeyuka, na hakuna aliyezichukua kwa ujanja. Duka lilikudai dola, likakurudishia dola. Fedha inayorudishwa hubadilishwa kwa kiwango cha siku inaporudi, si cha siku uliyolipa. Mambo yangekwenda kinyume, shilingi ikashuka, ungepata faida, wala usingeniandikia.

Kuna kipande kingine kidogo. Angalia ubao wa viwango kwenye benki yoyote: kila fedha ina bei mbili, ya kununua na ya kuuza. Ulipolipa, benki ilikuuzia dola, kwa bei ya juu. Dola ziliporudi, benki ilizinunua kwako, kwa bei ya chini. Kwa hiyo hata duka lingerudisha siku ile ile, usingepata shilingi kwa shilingi. Na ile asilimia ya muamala wa nje, benki nyingi hazirudishi. Hilo la mwisho ndilo pekee unaloweza kugombania: andika barua, taja tarehe zote mbili, omba makato yarudishwe kwa sababu bidhaa ilirudi. Dawatini kwetu tulikuwa na uwezo wa kurudisha, ila hatukurudisha kwa asiyeomba.

*Shikamoo. Nimejiwekea kadi ya mtandaoni kwenye simu, ile inayounganishwa na akaunti ya pesa za simu. Ada ya maombi ya chuo ni dola 50. Nikapiga bei ya dola kwenye Google, nikaweka shilingi zinazotosha kabisa na mia tano ya juu. Imekataa mara tatu. Dirisha linafungwa Ijumaa. – Mwanafunzi, Dodoma*

Marahaba. Ongeza shilingi, usibadilishe kadi. Bei unayoiona Google ni ya katikati, ambayo mimi na wewe hatuuziwi. Kadi itabadilisha kwa kiwango cha mtandao wa kadi, kampuni ya simu itaweka chake, na salio likipungua hata kwa shilingi kumi jibu ni hapana. Weka asilimia 6 zaidi ya hesabu yako; kitakachobaki ni chako. Angalia pia kama kadi hiyo ina kikomo cha siku, na kwamba haijaisha muda, maana kadi nyingine za aina hiyo zina maisha mafupi. Na usijaribu mara ya nne mfululizo kabla ya kuongeza salio, mfumo unaweza kuifunga kwa kudhani ni mwizi anabahatisha.

Fanya Jumatano. Usingoje Ijumaa.

*Mama, nalipia huduma ya kuhifadhi picha kwenye intaneti, wametangaza dola 9.99 kwa mwezi. Mimi nakatwa dola 11.79. Huo si wizi? – Tanga*

Hapana, huyo ni TRA. 9.99 ukiongeza VAT ya asilimia 18 unapata 11.79. Tangu Julai 2022 kampuni za nje zinazotuuzia huduma za mtandaoni zinatakiwa kujisajili na kutoza VAT kama duka la hapa. Fungua risiti waliyokutumia kwa barua pepe, imetajwa kwenye mstari wake.

Ila kwa kuwa umeuliza la kila mwezi, soma pia jedwali la ada la benki yako. Benki nyingine zina kiwango cha chini cha makato kwa kila muamala wa nje, hata ununue kitu cha dola moja. Mwenye huduma nne ndogo ndogo analipa kiwango hicho mara nne kila mwezi, yaani mara arobaini na nane kwa mwaka. Kama kampuni inakubali malipo ya mwaka mzima kwa mkupuo, na una hakika utaitumia mwaka mzima, makato yanakuwa moja.

*Binti yangu, mimi mstaafu wa bandari. Nina dola kidogo nimezitunza nyumbani. Nataka kununua mashine ndogo ya kusaga kutoka China, bei wameitaja kwa dola. Mjukuu anasema serikali imekataza dola, nitakamatwa. Na kama sikamatwi, nizitumieje hizo dola badala ya kukatwa kwenye shilingi? – Mzee, Kurasini*

Shikamoo mzee wangu. Hukamatwi. Kanuni zilizotoka Machi 2025 zinakataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za hapa ndani. Mwenye nyumba wa Masaki hawezi tena kukudai kodi kwa dola. Wewe unanunua China, kwa Mchina, hilo ni jambo jingine.

Kuhusu zile za nyumbani: noti haipiti kwenye waya. Itabidi uzipeleke benki, ufungue akaunti ya dola na uombe kadi yake. Hapo ukilipa dola, zinatoka dola, hakuna kubadilisha. Makato ya muamala wa nje yatabaki, hayo hayakwepeki. Kabla hujaenda, uliza mambo mawili: wanatoza kiasi gani kupokea noti za dola kwenye akaunti, na kama wanapokea noti za zamani, zile zenye kichwa kidogo. Dawatini niliwaona wazee wengi wakirudishwa na noti zao kwa sababu zilikunjwa sana au zilitoboka.

Lakini kama ungelazimika kununua dola leo kwa shilingi ili tu uziweke kwenye akaunti hiyo, usihangaike. Ungekuwa unazinunua kwa bei ya kuuza ya benki, halafu ulipe ada ya mwezi ya akaunti, kwa mashine moja. Kadi ya shilingi ingetosha. Wewe unazo tayari, ndiyo maana nakushauri hivyo.

Na muuzaji akikuambia, "Mzee, kwa urahisi wako, tukupe bei kwa shilingi," mshukuru, halafu mwombe ile ya dola. Kabla ya kulipa nitumie picha ya ukurasa huo wa malipo, mjukuu atakusaidia kuupiga, ila afunike namba za kadi.